Unaitwa Nani? Mama Yako Anaitwa Nani?



Juma lililopita shule zilifunga. Wenye watoto wa shule ya msingi wanajua siku hiyo ilivyo: majina yanasomwa, wengine wanaruka kwa furaha, wengine wanapita nyuma ya darasa ili baba yao asiwaone. Kwa watoto wa materneli mambo ni madogo. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtoto anaitwa, anakwenda mbele, anapewa buletini na biskuti mbili, anarudi. Mtoto wetu aliitwa. Akatoka kwenye benchi akaenda mpaka mezani, hatua kama kumi na tano, bila kugeuka kututazama. Sisi ndio tuliokuwa tunatafuta macho yake.

Basi juma hili hatuandiki juu ya sabuni wala juu ya malaria. Tunaandika juu ya mwaka huo mmoja.

Mlango wa mwaka huo tunaukumbuka vizuri. Ilikuwa Septemba, mvua zimeanza, njia ina matope. Alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Tulipofika mlangoni alishika kikwembe kwa mikono miwili, na madamu akatoa vidole vyake kimoja kimoja. Alitwambia, "Mama, nenda, usigeuke." Tulikwenda, lakini hatukufika mbali. Tulisimama nyuma ya ukuta, kapu la nyanya kichwani, tukisikiliza kilio chake mpaka kikachanganyika na vilio vya wengine, hatukujua tena kipi ni cha kwetu. Sokoni tulifika saa nne, wateja wazuri wamekwisha kupita. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Juma la pili alilia mpaka mlangoni tu. Juma la nne alitwachia mkono kabla ya kufika, akakimbia, na sisi tukabaki njiani na mkono mtupu. Mama aliyeozesha binti anajua kidogo tunachosema.

Nyumbani watu hawakukubaliana. Baba yake aliuliza, "Mtoto wa miaka mitatu anakwenda kusoma nini?" Nyanya yake, mama mkwe wetu, alisema shule ya mtoto wa umri huo ni mgongo wa nyanya yake. Na majirani walituhesabia wakubwa wote wa kartie yetu ambao hawakupita materneli na leo ni waalimu na waganga. Ni kweli. Tena kuna jambo la pesa, na hapo hatuwezi kuwadanganya. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza jambo hilo. Lakini materneli haimo. Sheria ya masomo ya 2014 inaitambua, inaipa miaka mitatu, lakini mzazi ndiye anayelipa. Kwa hiyo mwaka mzima tulitoa mchele wa kuuza kwenye mchele wa kula, na wakubwa wake wawili waliliona jambo hilo kwenye sahani zao. Mmoja alituuliza kwa nini mdogo wao anakula shule na wao wanakula ugali bila samaki. Hatukuwa na jibu zuri.

Na mtu anapolipa, anataka kuona alichonunua. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Kufika mwezi wa pili, mtoto wa jirani, anayesoma shule nyingine, alikuwa anahesabu mpaka ishirini kwa Kifaransa na kuandika namba kwenye kaye. Wa kwetu alikuwa anarudi na udongo kwenye kucha na nyimbo za kupiga makofi. Tukimwuliza, "Leo umejifunza nini?" anajibu, "Tumecheza." Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya kumi hatukucheka. Tulinunua chaki, tukamketisha jioni mbele ya mlango, na fimbo tukaiweka pembeni. Hatukumpiga nayo, lakini aliiona, na mtoto anajua fimbo inasema nini hata ikilala chini. Baada ya majuma mawili akaanza tena kukojoa kwenye mkeka, jambo alilokuwa ameacha tangu kabla ya shule. Asubuhi akasema tumbo linamwuma. Tulimpa dawa ya minyoo. Haikuwa minyoo.

Tukaenda shuleni, na tuseme ukweli, tulikwenda kulalamika. Madamu alitusikiliza huku akimfunga mtoto mwingine vifungo vya shati. Halafu akamwita wa kwetu.

"Unaitwa nani?"

Akasema jina lake, lote, na la baba yake.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

"Unakaa wapi?"

"Kwetu."

Madamu akatutazama. "Mama, unataka nimfundishe kuhesabu ishirini. Nitamfundisha, miaka ipo. Lakini mtoto huyu akipotea sokoni leo, hizo ishirini zitamrudisha nyumbani?"

Tulitaka kucheka, kisha tukanyamaza. Tulimkumbuka mwenzetu mmoja wa chama, mama aliyetoka upande wa Kabambare. Ninyi wa Kabambare hamhitaji kuelezwa namna watu wanavyotoka kijijini usiku risasi zinapolia, kila mmoja na anachoweza kushika. Yeye alimshika mchanga, na binti yake wa miaka minne akashikwa na mkono wa mtu mwingine, njia zikaachana gizani. Wale waliompokea walimwuliza, wewe ni mtoto wa nani? Wa Mama. Kwenu ni wapi? Kwetu. Siku sita mama huyo alipita kijiji kwa kijiji akiuliza, na binti yake alikuwa kwenye kijiji alichokipita siku ya pili, nyumba ya tatu kutoka barabarani. Waliokuwa naye hawakuwa wabaya. Walimlisha, walimwogesha. Walikosa tu jina la kuulizia. Alipatikana kwa sababu mwanamke mmoja muuza chumvi alikitambua kipande cha kikwembe alichofungwa nacho. Mwenzetu alitusimulia haya siku ya likelemba, akiwa anahesabu pesa za watu bila kuinua kichwa.

Fimbo tuliirudisha jikoni kuchochea moto, na chaki tukampa achore anachotaka. Alichora ng'ombe mwenye miguu sita. Hapa kwetu ng'ombe ni wachache, labda ndiyo sababu.

Kabla ya Pasaka mtoto wetu alikuwa anajua jina lake, la baba, la mama, la kartie, la mti mkubwa ulio karibu na nyumba yetu na la mtu mwenye duka kando yake. Alimjibu kila aliyemwuliza na wengi wasiomwuliza. Siku moja tulimkuta anamweleza mwenye pikipiki aliyesimama kutengeneza gurudumu. Hilo nalo lilitupa kazi mpya, maana sasa ilibidi tumfundishe ni watu gani wa kuambiwa na ni watu gani wa kukimbiwa. Madamu alitusaidia: mama mwenye mtoto mgongoni, mwalimu, muuguzi mwenye koti jeupe, mzee wa kanisa au wa msikiti. Si kila mtu aliyeshika biskuti.

Mengine aliyojifunza tuliyaona polepole, kwa sababu hayaandikwi kwenye kaye. Kungoja zamu yake ya maji. Kurudisha kikombe mahali pake. Kwenda chooni peke yake na kunawa kwa majivu au sabuni, kilichopo. Kumwambia mwenzake "sitaki" kwa mdomo badala ya meno (jambo hili lilichukua mpaka mwezi wa tano, na kuna mama mmoja tunamwomba radhi tena). Kukaa na mtoto asiyemjua, wa kabila asilolijua, na kugawana naye muhogo wa kuchemsha. Katika darasa lile kuna Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine, na kwa watoto jambo kubwa ni nani ana karanga.

Kulikuwa na huzuni moja, na ilikuwa ya nyanya yake. Nyumbani yeye husema naye Kibangubangu. Mtoto alipoanza kurudi na Kiswahili cha shule na "bonjour" yake, alikuwa anamjibu nyanya kwa maneno hayo. Nyanya akatwambia, "Sasa ananisalimia kama mgeni aliyeshuka kwenye lori." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Tulimpelekea madamu neno hilo. Sheria ile ya 2014 haikatazi lugha zetu, inasema lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Madamu akasema wanyanya waje. Mwezi wa tano nyanya alivaa kikwembe chake cha sikukuu akaenda kuwasimulia watoto hadithi ya sungura na chui, kipande kwa Kibangubangu, kipande kwa Kiswahili, na watoto wakamrudisha mara tatu kwenye mahali chui anapoanguka shimoni. Mjukuu wake alitembea naye kurudi nyumbani akijivuna kama yeye ndiye sungura.

Jioni ile akamwuliza, "Nyanya, unaitwa nani?" Sisi wakwe hatumwiti kwa jina. Wanaye wanamwita Mama, na mtaani anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikaa kidogo, mikono ndani ya mchele aliokuwa anachambua, kisha akasema jina lake la usichana. Tuna miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba ile, hatukuwa tumelisikia. Mtoto akalirudia mara mbili ili alishike.

Wamama walioko vijijini mwa Kabambare mtasema, haya ni ya mjini, kwetu hakuna materneli. Tunajua. Lakini madamu wetu hakutumia mashine yoyote kumfundisha mtoto jina la mama yake. Mnaweza kuifanya kazi hiyo mnapopika sombe. Na katika nchi yetu sehemu nyingi zina mahali pa watoto wa miaka mitatu mpaka mitano panaposimamiwa na wamama wa kijiji wenyewe, wanaopata mafunzo kidogo, bila kungoja jengo. Mahitaji yake ni kivuli, maji safi, choo ambacho mtoto mdogo hataogopa kuanguka ndani yake, na mama wawili wenye subira wanaopeana zamu wengine wakiwa shambani. Kikundi kinachotaka kujaribu kimwendee mkubwa wa masomo wa mahali pake na chifu kwanza, ili watoto waandikwe na kila mtu ajue wako wapi saa zile. Chumba cha mtu kilichofungwa mlango hakitoshi.

Neno moja kwa walio mjini, tukiomba msamaha kwa watakaokasirika. Kuna desturi inayoingia ya kuwavika watoto wa materneli majoho kama wamemaliza univasite, na kutoza wazazi pesa ya joho, ya picha na ya keki. Mtoto wa miaka minne anatokwa jasho ndani ya joho na kulia. Pesa hiyo ni karibu mwezi mmoja wa shule. Tuliwaambia kamati ya wazazi hivyo, na mwaka huu majoho hayakuja. Tutaona mwaka ujao.

Sasa tuko Julai, vumbi limejaa, na mtoto wetu kila asubuhi anaweka mfuko wake mgongoni akisimama mlangoni. Tunamwambia shule imefungwa. Anajibu kwamba madamu anamngoja. Mwaka wa pili bado hatujaupata. Baba yake yuko machimboni upande wa Salamabila, ametuma neno kwamba tungoje mpaka miaka sita, aende msingi ambayo ni ya bure. Tumemjibu kwamba tumesikia, wala hatujakubali. Kila siku ya soko tunaweka kando kipimo kimoja cha mchele, na wakubwa wake safari hii tumewaeleza sababu kabla ya kupunguza chakula. Zamu yetu ya likelemba ni Oktoba, na shule inataka malipo ya kwanza Septemba. Tumemwomba yule mwenzetu wa Kabambare, ambaye zamu yake ni Agosti, tubadilishane naye. Naye anajenga, mabati hayajatosha, na mvua zitaanza mwezi uleule. Amesema atatupa jibu Jumanne kwenye kikao.