Mkataba Ulioridhiwa Uletwe Mahakamani

Kuna swali ambalo mawakili wengi wa Tanzania wamelisikia mahakamani, na wengine hulirusha wao wenyewe kwa sauti ya ushindi: huo mkataba unaoutaja, Bunge limeutungia sheria? Jibu likiwa hapana, inadhaniwa hoja imekufa. Wakili anaketi, mteja wake anabaki ameduwaa, na hakimu anarudi kwenye kifungu cha sheria kama kilivyoandikwa miaka sitini iliyopita.

Nyuma ya swali hilo iko imani iliyozoeleka kwamba sheria ya kimataifa ni mali ya marais na mabalozi, kwamba makazi yake ni New York na The Hague, na kwamba ikionekana katika mahakama ya wilaya imepotea njia. Imani hiyo ni potofu. Historia ya mahakama zetu wenyewe inaikanusha, na gharama yake inalipwa na watu wasio na uwezo wa kuibeba.

Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaifahamu kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kanuni za mila zilizotumika kwa Wahaya, zilizochapishwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwanamume aliweza kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikayafuta mauzo na kumwamuru mama huyo arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikaipindua hukumu hiyo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye akatoa hukumu Februari 1990: kanuni ile ni ya kibaguzi, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi aliyorithi.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia kesi hii. Mimi nataka tuitazame njia aliyopita jaji. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984 tu, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, lakini tafsiri ya ubaguzi iliyokuwamo wakati ule haikuitaja jinsia; jinsia iliongezwa mwaka 2000. Wakili mwenye kushikilia herufi angeweza kusema Katiba haikumlinda mwanamke huyu. Mwalusanya aliitazama Katiba pamoja na ahadi ambazo nchi ilikuwa imezitoa: Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, ambalo Ibara ya 9 inalitaja kwa jina, Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985, Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mkataba ule wa wanawake Bunge halikuwa limeutungia sheria. Hata hivyo ulifanya kazi, kwa sababu ulimwonyesha jaji nchi hii inamaanisha nini inaposema watu wote ni sawa.

Wanaopinga wana hoja yenye uzito, na sitaipita kimyakimya. Katiba, katika Ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba. Kuridhia ni hatua moja, kutunga sheria ni nyingine. Huwezi kumfunga mtu jela wala kumtoza kodi kwa kutumia mkataba mtupu. Hayo ni kweli. Lakini kutoka hapo hadi kusema mkataba hauna kazi yoyote mahakamani ni kuruka mto bila daraja.

Sheria zetu zimejaa maneno ambayo hayajitafsiri yenyewe: haki ya kusikilizwa, adhabu ya kutweza, ubaguzi, maslahi ya mtoto. Lazima jaji ayapatie maana kutoka mahali fulani. Asipoitafuta katika mikataba ambayo Bunge lake liliijadili na kuiridhia, ataitafuta kwingine. Na kwingine huko tunakujua. Kila siku mawakili wetu wanasimama na hukumu za Uingereza na India, wanafungua vitabu vya Mulla na Sarkar vilivyoandikwa kwa ajili ya mahakama za Bara Hindi, na hakuna anayewauliza kama Bunge la Dodoma liliwahi kuvipigia kura. Mwandishi wa Kihindi anakaribishwa bila pasipoti, ilhali mkataba ulioridhiwa na Bunge lenyewe unadaiwa vyeti mlangoni! Sioni mantiki yoyote ya kisheria katika mpango huo. Naona mazoea tu.

Wala sisemi jambo geni. Mwaka 1991, katika shauri la dhamana la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilieleza kuwa Tanzania iliuridhia Mkataba wa Afrika mwaka 1984, kabla ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba, kwa hiyo mkataba huo sharti uzingatiwe haki hizo zinapotafsiriwa. Hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini. Wakili anayeambiwa mkataba hauna nafasi anayo hukumu hiyo ya kujibia.

Tatizo ni kwamba majibu hayaletwi. Hoja ya mkataba ikipata bahati ya kuandikwa, mara nyingi huwa sentensi moja ya mwisho, isiyotaja ibara wala tarehe ya kuridhiwa, wala namna ibara hiyo inavyogusa kifungu kinachobishaniwa. Jaji akiipuuza hoja ya namna hiyo, siwezi kumlaumu.

Halafu wako wanaosema mikataba hii ni ya wazungu, imeletwa kuvunja mila zetu. Hoja hii inatolewa kwa hisia kali na inastahili kujibiwa kwa ukweli. Mkataba wa Afrika ulijadiliwa Banjul na kupitishwa Nairobi mwaka 1981, na jaji wa Senegal, Kéba Mbaye, alikuwa mstari wa mbele katika kuuandaa. Itifaki kuhusu haki za wanawake ilipitishwa Maputo mwaka 2003. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Na ile mila ya Kihaya iliyotajwa kwa heshima kubwa Kashasha, ni nani aliyeiweka kwenye maandishi? Kitabu cha sheria za mila za Wahaya kilichochapwa mwaka 1945 kiliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria, pamoja na Hartnoll, enzi za ukoloni. Mila hai ya wazee ilikuwa na nafasi ya kujadiliana na kusuluhisha. Ilipopitia kalamu ya mkoloni ikawa kanuni yenye namba. Anayetaka kuondoa mkono wa mzungu katika sheria zetu aanzie hapo.

Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuikimbia sheria ya kimataifa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, aliiandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ambayo Uingereza iliingia na nchi nyingine kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo ile isiyokubaliwa upya ingekoma, isipokuwa pale ambapo sheria ya kimataifa ingesema vinginevyo. Vyuo vya sheria duniani vinaufundisha msimamo huo kwa jina lake. Aliitumia sheria ya kimataifa kulinda uhuru wa nchi changa, na ilimfaa.

Nirudi kwa wanaolipa gharama. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliondolewa na ndugu za waume zao katika nyumba walizojenga na waume hao, na kanuni zilezile za mila zilizochapishwa mwaka 1963 zikawanyima urithi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikiogopa kufungua mlango wa kila mila kupingwa mahakamani. Wakakata rufani. Mwaka 2010 rufani yao ilitupwa kwa sababu amri ya Mahakama Kuu haikuwa na tarehe. Kosa la karani likawa hukumu ya wajane! Bila sheria ya kimataifa habari yao ingeishia hapo. Kwa kuwa Tanzania ilikuwa imekubali itifaki inayowaruhusu watu binafsi kulalamika, walipeleka shauri kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kuwa nchi imekiuka haki zao na inapaswa kuwafidia na kuzirekebisha kanuni hizo. Kamati haina polisi wa kukaza hukumu. Lakini tangu siku hiyo kila wakili anayempigania mjane ana uamuzi wenye majibu ya hoja zilezile zilizowashinda wale wawili.

Mfano mwingine ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana husubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo. Majaji walieleza kwamba baada ya mwaka 1971 nchi iliridhia mikataba ya haki za watoto na za wanawake, na kwamba sheria ile imepitwa na ahadi hizo. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuirekebisha. Mwaka ukapita sheria ikiwa vilevile. Lakini sasa ucheleweshaji huo una jina la kisheria: ni kukaidi amri ya mahakama. Wanaharakati wanayo hukumu ya kulishika Bunge nayo.

Wengine hudhani dawa ni kuiga Kenya, ambako Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Ni hatua njema, lakini haikuondoa kazi ya wakili. Mwaka huohuo wa 2010 Jaji Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, aliona kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni kunakwenda kinyume na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Miaka miwili baadaye Jaji David Majanja akaona vingine: kifungo cha mdaiwa hakikatazwi moja kwa moja, ila yule asiye na uwezo wa kulipa alindwe dhidi yake. Kwa hiyo hata pale ambapo Katiba imefungua mlango wazi, bado wakili lazima aingie na hoja iliyopikwa ikaiva.

Kwetu Tanzania kazi hiyo imekuwa ya haraka zaidi. Tangu Novemba 2020 mwananchi hawezi tena kwenda moja kwa moja na malalamiko mapya katika Mahakama ya Afrika Arusha, kwa kuwa Serikali iliondoa tamko lililompa ruhusa hiyo. Mwaka huohuo sheria ya kudai haki za msingi ilibadilishwa, na anayefungua shauri akatakiwa aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Milango miwili ilibanwa. Uliobaki wazi ni ule wa mahakama zetu za kawaida, katika mashauri ya kila siku ya mirathi, dhamana, ndoa, ardhi na ajira, ambako mteja ameathirika waziwazi na hakuna wa kumzuia asisikilizwe.

Basi mawakili wenzangu, tuyaandike haya kuanzia ngazi ya chini, maana hoja isiyotolewa huko hukataliwa juu. Tutaje mkataba, ibara yake na mwaka ulioridhiwa, kisha tuonyeshe kifungu cha sheria ya nchi ambacho ibara hiyo inakitafsiri. Tuyaandike kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, ili mjane aliyeketi nyuma ya wakili wake asikie kwamba nchi yake iliahidi kumlinda. Na siku nyingine wakili wa upande wa pili akisimama kuuliza kama Bunge limeutungia sheria mkataba huo, mpe nakala ya hukumu ya Daudi Pete, kisha uendelee na hoja yako.