Nani kawaambia ugonjwa ni bure Ukerewe?

Wiki iliyopita binamu yangu kanipigia simu kutoka Bongo, anataka mchango wa harusi. Nikamwambia safari hii sina. Akacheka sana. "Wewe huna? Maboksi unabeba, mtoto anatibiwa bure na serikali, hela unapeleka wapi?" Niliaga kwa adabu, nikakata. Sasa namjibu hapa, yeye na wote wenye mawazo kama yake.

Mwanangu ana Duchenne, ugonjwa wa misuli unaowapata hasa wavulana. Mwili hautengenezi protini iitwayo distrofini, basi misuli inakufa kidogo kidogo: miguu, mikono, baadaye mapafu na moyo. Wa kwangu aliacha kutembea akiwa na miaka 11. Sasa ana 15.

Ni kweli, daktari simlipi. Dawa zake silipii hata peni, na nawashukuru walipa kodi wa Uingereza, mimi nikiwemo. Lakini daktari tunamwona mara mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki ugonjwa unalala kwangu.

Kiti cha umeme, kitanda cha kupanda na kushuka, winchi ya kumnyanyua, mashine ya kumsaidia kupumua usiku, vyote vinakula umeme. Mtoto asiyeweza kujitikisa anasikia baridi wakati sisi tunatoka jasho, kwa hiyo hita haizimwi mpaka Mei. Posho ya ulemavu ipo, inaishia kwenye bili hiyo.

Halafu nyumba. Ruzuku ya kurekebisha nyumba ya mlemavu hapa England kiwango chake cha juu ni £30,000, na kimekaa hapo hapo tangu 2008. Jamani, nani ananunua saruji kwa bei ya 2008? Fundi alitaka £47,000 kwa chumba na bafu la chini. Tofauti ni mkopo wangu.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni mama watoto, aliyeacha kazi. Posho ya mlezi mwaka 2025 ilikuwa £83.30 kwa wiki, na sharti umhudumie mgonjwa angalau saa 35. Piga hesabu: £2.38 kwa saa, mwaka ambao kima cha chini cha mshahara kilikuwa £12.21! Maboksi yenyewe hayajawahi kutunyonya hivyo. Na hizo saa 35 yeye anazimaliza Jumatano, maana usiku anaamka mara tatu kumgeuza.

Mwaka 2021 serikali hii hii ilikubali kulipia dawa ya ugonjwa mwingine wa misuli, SMA, dozi moja ambayo bei yake kwenye orodha ni £1,790,000. Sina kinyongo, wale watoto wana haki yao. Ila dawa ina kampuni ya kukaa mezani kupatana bei. Mama anayemgeuza mtoto saa tisa za usiku anapatana na nani?

Najua mtaniambia, Bongo mama anambeba wa kwake mgongoni na dawa hana. Kweli kabisa, na mzigo wake ni mkubwa kuliko wangu. Lakini yeye hakuna anayempigia simu kumwambia ni bure.

Binamu, mkopo wa chumba unaisha 2031. Kadi ya pongezi nitatuma.