UCHANGANUZI: Vinyoya vyaweza kunusuru somo la michezo

MTAALA wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulikuja na ahadi kwamba mtoto angefunzwa kwa kutenda, wala si kwa daftari pekee.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, kipindi cha michezo kilikuwamo katika ratiba, lakini aghalabu kilimezwa na Hisabati, au watoto wakaachiliwa uwanjani na mpira mmoja huku mwalimu akisahihisha vitabu.

Tisho hilo lingalipo. Mwaka 2024 masomo ya madarasa ya chini yalipunguzwa kutoka tisa hadi saba, na michezo ikaunganishwa na uchoraji na muziki.

Je, shule ya umma ya kijijini, tuseme katika eneo la Nchiru, kaunti ya Meru, ifanye nini? Jibu moja ni mpira wa vinyoya, hususan stadi yake ya kwanza: pigo la kuanzisha mchezo, yaani sevu.

Wapo watakaocheka, wakidai kwamba huo ni mchezo wa wenye nacho na kumbi zao za jijini. Hata hivyo, sevu ndiyo pigo pekee ambalo mchezaji halitegemei kwa mpinzani. Mtoto hukishika kipira mwenyewe na kukipiga atakapo. Akikosea au akiendelea, mwalimu huona papo hapo.

Mafunzo hayahitaji ukumbi. Kwanza mtoto arushe kipira kwa mkono, kutoka chini kwenda juu, kivuke kamba na kutua ndani ya gurudumu kuukuu. Kisha akipige kwa kiganja. Raketi ije mwisho, ishikwe karibu na shingo yake, na kipira kisukumwe kwa utaratibu badala ya kuchapwa.

Kanuni za watu wazima zisinakiliwe kikasuku. Tangu 2018, mashindano ya kimataifa yamekuwa yakitumia kipimo cha mita 1.15 kutoka sakafuni, ambacho kipira hakipaswi kukipita kinapopigwa. Kwa mtoto wa miaka saba, huo ni urefu wa kichwani. Afadhali afunzwe kipimo cha zamani cha kiuno. Kamba nayo ishushwe, kwani mita 1.55 za wavu rasmi zitamkatisha tamaa.

Kizingiti halisi ni upepo, kwa kuwa kipira kina uzani wa takriban gramu tano tu. Kipira cha plastiki, asubuhi, kando ya ukuta wa darasa, kitapunguza adha hiyo na gharama pia.

Shirikisho la Badminton Duniani lina mpango uitwao Shuttle Time, uliobuniwa kwa walimu wasiowahi kuucheza mchezo huu. Aidha, Nchiru ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambacho wanafunzi wake wangeweza kujitolea katika shule jirani.

Mchezo wenyewe si hoja kuu. Kipindi ambacho mwalimu anajua anachofunza, na anaweza kukipima, si rahisi kuporwa na Hisabati.