Kingamwili Pekee Hazitoshi Kutambua Saratani ya Kaposi

Kwa miaka mingi wananchi wamezoea kupata majibu ya VVU na kaswende kutokana na tone la damu. Mazoea hayo yamejenga dhana kwamba hata saratani ya ngozi inayosababishwa na virusi inaweza kutambuliwa kwa njia hiyo. Kwa saratani ya Kaposi, inayofahamika katika Kanda ya Ziwa tangu kabla ya UKIMWI, dhana hiyo inaweza kumchelewesha mgonjwa.

Saratani hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1872 na daktari Moritz Kaposi wa Vienna. Chanzo chake kilibainika mwaka 1994, pale watafiti Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua virusi vya jamii ya herpesi, aina ya nane. Ugunduzi huo uliwezesha kupatikana kwa vipimo vya damu vinavyoonesha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na virusi hivyo.

Hata hivyo, kukutana na virusi si kuugua. Katika Afrika Mashariki, watu wengi huambukizwa tangu utotoni, hasa kupitia mate, na sehemu kubwa ya watu wazima wana kingamwili hizo. Walio wengi hawapati saratani maishani mwao. Kwa hiyo, majibu chanya hayathibitishi kwamba baka lililo mguuni ni Kaposi. Kipimo hicho kina thamani kubwa zaidi kwa watafiti wanaofuatilia kuenea kwa virusi katika jamii.

Hali ni tofauti kwa saratani ya Merkel, ugonjwa adimu wa ngozi ambao virusi vyake viligunduliwa mwaka 2008 na timu ya watafiti haohao. Nchini Marekani, wagonjwa ambao tayari wamethibitishwa hupimwa kingamwili dhidi ya protini ya virusi iliyomo ndani ya seli za saratani zenyewe. Kiwango kikishuka baada ya tiba ni dalili njema. Kikipanda, madaktari hutafuta kama ugonjwa umerejea. Hata huko, takribani nusu tu ya wagonjwa huwa na kingamwili hizo, na kipimo hakichukui nafasi ya uchunguzi wa kinyama.

Kwa mkazi wa Mkula, mkoani Simiyu, hatua ya kwanza ni macho ya mtoa huduma. Mabaka ya zambarau, kahawia au meusi yasiyowasha, yawe miguuni, usoni au kwenye kaakaa, pamoja na mguu unaovimba bila sababu, yanahitaji kuchunguzwa. Kipimo cha VVU ni cha lazima katika uchunguzi huo, lakini majibu hasi hayaondoi uwezekano wa Kaposi, kwani ugonjwa huu huwapata pia watu wasio na VVU, wakiwemo wanaume wenye umri mkubwa na watoto. Uthibitisho hutokana na kinyama kinachokatwa na kusomwa na mtaalamu wa patholojia.

Hapo ndipo rufaa inapobeba uzito. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, hutoa huduma za saratani kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa. Mgonjwa anayeishi na VVU akianza mapema dawa za kufubaza virusi, mabaka machache yanaweza kupungua au kutoweka. Ugonjwa ulioenea huhitaji pia dawa za saratani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kuwapunguzia wananchi mzigo wa gharama, ila bima haiwezi kurejesha miezi iliyopotea.

Uwekezaji wenye tija ya haraka, basi, ni kumwezesha mhudumu wa zahanati kulitambua baka, kuhakikisha sampuli ya kinyama inafika maabara, na majibu yanamrudia mgonjwa kwa wakati.