Kilwa Kisiwani na Granada: Magofu na Lugha ya Wenyewe

Granada ya Uhispania na Kilwa Kisiwani ni miji iliyo mbalimbali kwa mazingira na kwa lugha, lakini imewahi kuunganishwa na kitabu kimoja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Takriban miaka ishirini baadaye alizuru Granada, na huko akakutana na Ibn Juzayy, ambaye hatimaye ndiye aliyeiandika habari ya safari zake huko Fez. Hivyo, maelezo ya Kilwa yanayonukuliwa kuliko yote yalipita kwanza katika kalamu ya mtu wa Andalusia. Matini hayo yanasema kwamba majengo ya Kilwa yalikuwa ya miti, ilhali Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11, ni wa mawe. Msomaji makini hana budi kujiuliza ni kwa kiasi gani mji huu umekuwa ukisomwa kwa macho ya wageni.

Ulinganisho wenyewe una msingi. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, kwa utajiri uliotokana na dhahabu ya Sofala. Muda mfupi baadaye Yusuf I, aliyetawala Granada kuanzia 1333 hadi 1354, alikuwa akiipamba Alhambra. Kosa huanza pale ulinganisho unapovutwa hadi kudaiwa kwamba Kilwa nayo ilijengwa na wageni waliokuja, wakajenga, kisha wakaondoka.

Historia haikubaliani na dai hilo. Granada ilitekwa mwaka 1492. Mwaka 1567 Kiarabu kikapigwa marufuku. Na kuanzia 1609 wazao wa Waislamu wakafukuzwa nchini. Kuta zilibaki, wenyewe wakaondolewa. Kilwa nayo ilivamiwa na kuporwa na Wareno chini ya Francisco d'Almeida mwaka 1505, lakini walioondoka baada ya miaka michache ni wavamizi. Wenyeji walibaki na lugha yao, na hadi leo kijiji kinaishi kando ya magofu.

Majina ya mahali yanathibitisha jambo hili. Husuni ni neno la Kiarabu, lakini katika Husuni Kubwa na Husuni Ndogo limepewa vivumishi vya Kiswahili. Gereza, jina la ngome iliyo ufukweni, wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wageni walileta maneno. Wenyeji wakayatia katika sarufi yao.

Tarikh ya Kilwa, iliyotufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno wa João de Barros wa mwaka 1552, husimulia kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo. Kwa muda mrefu wataalamu waligawanyika: wapo walioichukua simulizi hiyo kama ilivyo, na wapo walioiona kuwa ngano tupu. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya kale kutoka miji kadhaa ya pwani, umeonyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: kwa kiasi kikubwa nasaba ya Kiajemi upande wa baba, na ya Kiafrika upande wa mama. Hata hivyo, mifupa haisemi lugha. Lugha iliyodumu ni ya Kibantu, na hilo ni suala la idara za Kiswahili kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Huenda ikadaiwa kwamba magofu ni kazi ya wanaakiolojia. Kazi yao imefanyika: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Maneno hayajapata ukarabati wa namna hiyo. Kimgao, lahaja ya pwani hii ya kusini, hakijaandikwa kwa upana kama Kimvita au Kiamu. Istilahi za mafundi, kama vile matumbawe, chokaa, boriti na kidaka, zinahitaji kukusanywa pamoja na matamshi na matumizi yake ya huko huko.

Kwa hiyo inafaa idara za Kiswahili zifanye mambo mawili. Kwanza, zipeleke wanafunzi wa uzamili Kilwa na Lindi kurekodi Kimgao wakati wazee wanaokijua wangali hai. Pili, zitoe tafsiri ya Kiswahili yenye maelezo ya matini yote mawili ya Tarikh, isomeshwe pamoja na tenzi, kama fasihi na si kama chanzo cha tarehe tu. Kuta zikibomoka, mawe yaweza kupangwa upya. Msamiati ukifa na wasemaji wake, hakuna chokaa ya kuurejesha.