"Dawa" Ndani ya Maji

Siku moja, wakati wa kolera, vijana wawili walisimama kwenye mteremko wa mto katika komini ya Lubunga, ninakoishi. Mama mmoja jirani yetu alipopanda na bidoni lake la lita 20, kijana mmoja akamwambia: "Mama, ngoja kidogo, tutie dawa ndani ya maji yako." Mama akajibu: "Mwanangu, mimi si mgonjwa," akapita. Waliomfuata nao wakapita. Kufika jioni, mtaa mzima ulijua kwamba kuna watu wanaotia dawa katika maji.

Vijana wale hawakudanganya. Walikosea neno. Katika Kiswahili chetu dawa huponya mtu, dawa huua panya, na dawa pia hutoka kwa mganga. Lingala haituokoi: nkisi ni ya hospitali na ni ya uchawi vilevile. Ukimwambia mtu asiyekujua kwamba unatia dawa katika maji ya watoto wake, maana atachagua yeye, na mwenye hofu huchagua iliyo mbaya.

Msumbiji wamelipa gharama kubwa ya jambo hili. Katika mikoa ya kaskazini, Kireno kinasema cloro kwa klori na cólera kwa ugonjwa. Watu walisikia maneno hayo mawili kama moja, wakaamini kwamba wanaokuja kusafisha visima ndio wanaoleta maradhi. Wahudumu walishambuliwa, wengine wakauawa. Mwanasosholojia Carlos Serra alilichunguza suala hilo katika kitabu alichokitoa 2003, akaonyesha kwamba chini ya uvumi kulikuwa na jambo zito zaidi: watu maskini walikuwa wameacha kuwaamini wanaowatawala. Sisi tunasema kolera na klore. Je, tuko mbali nao?

Kisangani haina nafasi ya kungoja. Mwaka 2011 kolera ilianzia huku ikateremka na mto hadi Kinshasa. Mwaka 2025 iliikumba tena Tshopo. Kati ya milipuko hiyo, wengi wa Lubunga wameendelea kuteka mtoni na visimani.

Kijana yule angesema nini? Angeanza na salamu, kisha: "Mama, hii ni klore, ile inayosafisha maji ya bomba. Inaua vijidudu vya kolera. Yaache maji dakika 30 ndipo unywe. Ukisikia harufu kidogo, ujue bado inayalinda." Harufu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wamwage maji, wakidhani ni javeli ya kufulia. Angeeleza pia kwa nini maji yenye tope hutulizwa na kuchujwa kwanza: tope humaliza nguvu ya klore. Halafu yeye mwenyewe angekunywa kikombe mbele ya watu.

Najua mwalimu wangu mmoja atasema maneno hayatoboi kisima. Ni kweli, na sitaki tumpambe mtu maneno ili akubali bomba lisilotoa maji. Anayeonekana mtaani wakati wa mlipuko tu, kisha akatoweka, hataaminiwa hata akisema Kiswahili cha dhahabu. Lakini pampu, kisima na klore vyote hupitia mdomoni mwa mtu kabla ya kumfikia mwenye bidoni. Mdomo huo ndio fani yetu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kila mwaka tunaandika kazi za tafsiri ambazo huishia kabatini. Baadhi yetu tuvuke na mtumbwi hadi Lubunga, tukae na akina mama wanaoteka maji na machifu wa mitaa, tuwasomee matangazo ya maji kwa Kiswahili na Lingala, kisha tuwaombe watueleze walichosikia. Palipo na "dawa", wao watuambie neno la kuweka. Na turudi wakati ambapo hakuna kolera, ili siku ikija tusiwe wageni.

Mama jirani yetu bado anateka pale pale. Nilimweleza klore ni nini, akaniuliza swali moja: "Mbona hawakusema hivyo?"