Umelala Wapi? Chumba cha Gesti na Matibabu ya Mgonjwa wa Mkoani

Basi kutoka Tabora huingia Kituo cha Magufuli, Mbezi, jua likiwa limekwisha kuzama. Chukulia kwamba ndani yake yumo mama wa miaka sitini na mitatu, mwenye rovu shingoni na shinikizo la juu la damu, pamoja na binti yake aliyebeba bahasha ya rufaa. Kesho yake saa moja asubuhi anatakiwa Muhimbili kwa vipimo vya mwisho kabla ya upasuaji. Hawana ndugu mjini. Wanafika Kariakoo saa nne usiku, miguu imevimba, na wanaingia katika gesti ya kwanza waliyoelekezwa na jirani wa nyumbani kwa sababu ni ya bei nafuu na haiko mbali na hospitali.

“Shikamoo, mama. Karibuni,” anasema kijana wa mapokezi.

“Marahaba, mwanangu. Tunaomba chumba kimoja, mimi na mwanangu huyu.”

Kijana anatoa ufunguo wa chumba namba tatu. Mama anaupokea, anashukuru, analipa. Haulizi kitu. Namba tatu ipo ghorofa ya kwanza upande wa barabarani, juu ya baa, na chini ya dirisha lake kuna jenereta ya duka la jirani. Alfajiri anapanda bajaji akiwa hajafumba macho, na saa mbili asubuhi mashine ya kupimia inaonesha 184 kwa 112. Wataalamu wa usingizi na ganzi kwa kawaida huahirisha upasuaji usio wa dharura shinikizo linapofikia kiwango cha 180 kwa 110. Mama anapangiwa tarehe nyingine.

Mama huyu ni wa kubuni. Usiku alioupitia si wa kubuni, na kila mhudumu wa kliniki inayopokea rufaa kutoka mikoani amekutana na uso wa mtu aliyelala hivyo. Jambo la kushangaza ni kwamba faili la mgonjwa huandikwa anakula nini, anatumia dawa gani na amewahi kulazwa mara ngapi, lakini ni nadra kukuta swali la maneno mawili: umelala wapi? Chumba anacholala mgonjwa usiku wa kuamkia matibabu ni sehemu ya matibabu hayo. Mgonjwa ana haki ya kukichagua, na hospitali ina wajibu wa kumwambia namna ya kukichagua.

Haki itendeke kwa upande wa pili wa hoja. Usiku mmoja wa kelele haumgeuzi mtu mwenye shinikizo la kawaida kuwa mgonjwa. Mama wa Tabora alikuja na ugonjwa wake, safari ya kutwa ilimchosha, huenda alisahau kidonge cha jioni, na hofu ya koti jeupe nayo ilichangia. Lakini mgonjwa aliye ukingoni hahitaji kusukumwa sana. Wakati wa usingizi mzuri shinikizo la damu hushuka kwa takriban asilimia 10 hadi 20 kuliko la mchana. Huo ndio muda moyo na mishipa hupumzika. Kelele huvuruga ushukaji huo. Jicho lina kope, sikio halina: sauti huendelea kuingia, ubongo huendelea kuipima kama ni hatari au la, na mwili hujibu kwa kumwaga homoni za tahadhari, mapigo ya moyo yakiongezeka hata kama aliyelala hakuzinduka wala hatakumbuka lolote asubuhi. Ndiyo maana jibu la “nimezoea kelele” halitoshi. Masikio yamezoea kutolalamika. Mishipa ya damu haikuulizwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika jamii, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mlio wa ghafla usizidi 45. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu hufikia 60. Mwongozo huohuo ulikadiria kwamba dirisha lililofunguliwa kidogo hupunguza sauti ya nje kwa desibeli 15 hivi. Hesabu basi ni nyepesi: ili ndani kuwe na 30, nje pasizidi 45, na barabara ya Kariakoo yenye bodaboda, wapiga debe na spika za maduka ipo mbali sana na kiwango hicho. Hata hivyo jengo lenyewe ni ngao. Upande wake ulioipa barabara kisogo unaweza kuwa na desibeli 10 au zaidi pungufu ya upande wa mbele, na tofauti ya 10 sikio huisikia kama sauti imepungua nusu. Katika gesti moja, kwa bei ileile, kuna chumba kinachoumiza na chumba kinachovumilika. Kinachoamua nani analala wapi ni ufunguo uliokuwa karibu na mkono wa kijana wa mapokezi.

Hapa ndipo malezi yanapomponza mgonjwa. Mtu wa heshima hufunzwa tangu utotoni kutochagua ugenini. Anayesema chumba hiki hakinifai huonekana mwenye maringo, na maskini huogopa maringo kuliko usiku mbaya. Lakini gesti si nyumba ya mtu. Ni biashara, na mteja kuomba kuoneshwa chumba kabla ya kulipa ni jambo la kawaida kama kugeuza nyanya sokoni. Sentensi moja inatosha: “Mwanangu, nina mgonjwa, naomba chumba cha nyuma, mbali na barabara na jenereta.” Vijana wengi wa mapokezi, wakiambiwa kuna mgonjwa, hubadilisha ufunguo bila neno.

Akishaingia chumbani asimame kimya dakika mbili, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, asikilize. Kama ni mchana, aulize kitakachokuwepo usiku: baa hufungwa saa ngapi, kuna ukumbi wa sherehe juu au jirani, umeme ukikatika jenereta inawashwa wapi, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi ipo upande gani. Vyumba vinavyopakana na ngazi, choo cha pamoja na mapokezi huwa na vishindo vya milango na mazungumzo ya wanaochelewa kurudi. Aangalie juu pia. Katika gesti nyingi za bei ya chini kuta za kugawa vyumba huishia kwenye dari jepesi, na dari hilo hubeba kikohozi cha jirani kana kwamba amelala kitanda kimoja nawe. Madirisha ya vioo vya vipandevipande huacha nyufa hata yakifungwa; ya kioo kizima cha kuteleza hukinga vizuri zaidi. Pangaboi linalovuma kwa sauti moja halidhuru usingizi kama linavyodhaniwa: mvumo wake usiobadilika hufunika milio midogo ya ghafla, ambayo ndiyo hasa humzindua mtu. Vizibo laini vya masikio navyo husaidia, ila mgonjwa anayelala peke yake ahakikishe bado anaweza kusikia mtu akigonga mlango kwa nguvu.

Lakini chumba tulivu cha mgonjwa si lazima kiwe chumba tulivu cha mfanyabiashara. Mfanyabiashara aweza kukimbilia ghorofa ya nne akaepuka barabara. Mwenye moyo dhaifu au mshono mpya tumboni ngazi hizo zitamdhuru kuliko kelele, na chumba cha juu kabisa chini ya bati hubaki na joto la mchana hadi usiku wa manane. Anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini ataamka mara kadhaa kwenda haja ndogo. Kwake choo cha ndani kina thamani kubwa kuliko ukimya wa korido ndefu yenye choo mwishoni, ambamo anaweza kuanguka gizani. Na kuna utulivu wa kuogopwa. Chumba kisicho na dirisha, au chenye dirisha linalotazama uwanja mdogo uliozungukwa na kuta ambamo jenereta huwashwa, kinaweza kuwa kimya na kikaua: moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haijui inapomfikia. Chumba kilichozibwa pia hakimfai anayekohoa kwa wiki kadhaa na bado hajapimwa kifua kikuu, wala ndugu anayelala naye. Ikibidi kuchagua kati ya kelele kidogo na hewa, mgonjwa achague hewa, kisha atafute vizibo vya masikio. Chandarua hakiondolewi kwa sababu yoyote. Mwenye kufungua dirisha kwa ajili ya hewa ndiye anayekihitaji zaidi.

Hata chumba kizuri kina mgeni wake wa usiku wa kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, akiwemo Masako Tamaki na Yuka Sasaki, walionesha kwamba mtu anapolala mahali pageni kwa mara ya kwanza, sehemu ya upande wa kushoto wa ubongo hubaki macho zaidi kuliko upande wa kulia na huitikia kwa wepesi sauti zisizo za kawaida. Ni ulinzi wa asili, ila humwibia mgonjwa usingizi usiku uleule anaouhitaji. Anayeweza kufika siku mbili kabla ya kipimo, alale usiku zote mbili katika chumba kilekile. Shauri hili lina gharama, na ni kejeli kumwambia alale usiku wa ziada mtu aliyeuza mbuzi ili apate nauli. Lakini tarehe ikiahirishwa atalipa usiku mwingi zaidi ya huo mmoja, pamoja na nauli ya pili.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwenye duka la dawa. Kidonge cha usingizi kinachonunuliwa bila cheti, kikamezwa usiku wa kuamkia dawa ya ganzi au pamoja na dawa kali za maumivu, kinaweza kudhoofisha upumuaji. Pombe ya “kutafuta usingizi” hufanya hivyohivyo na huuvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Mgonjwa aliyekwisha meza chochote kati ya hivyo amwambie daktari bila kuona haya.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa wanaokaa mjini muda mrefu. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi akitokea nyumbani huhudhuria, kwa kawaida, siku tano kila wiki kwa wiki kadhaa, na uchovu ni miongoni mwa madhara ya mionzi yanayojulikana sana. Kwake gesti si mahali pa kupitia; ndiyo nyumba yake ya mwezi mzima. Akikosa usingizi siku baada ya siku hula kidogo, hukata tamaa, na siku moja hupanda basi kurudi kijijini kabla ya kumaliza dozi. Faili lake huandikwa kwamba ameacha matibabu. Chumba kilichomshinda hakiandikwi.

Sheria ipo. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, huweka viwango vya usiku vilivyo chini ya vile vya mchana. Lakini mama wa Tabora hatampigia simu mkaguzi saa nane usiku, na baa ya chini inalijua hilo. Wenye gesti wanaweza kufanya mengi kwa fedha kidogo: jenereta ihamishwe mbali na madirisha na iwekwe juu ya vipande vya mpira, milango ibandikwe mpira ili isigonge, runinga ya korido izimwe saa nne, na vyumba viwili vitatu vya nyuma ghorofa ya chini vitengwe kwa wenye barua ya hospitali. Gesti zilizo jirani na hospitali huishi kwa fedha za wagonjwa, na wagonjwa hupashana habari.

Upande wa hospitali, mzigo ni mwepesi zaidi. Kadi ya miadi ina nafasi nyuma isiyoandikwa kitu. Hapo pangetosha mistari minne: fika mapema ukiweza, omba chumba cha nyuma chenye dirisha na uoneshwe kabla ya kulipa, usinunue dawa ya usingizi, meza kidonge chako cha shinikizo kama ulivyoelekezwa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ingeweza kuwa na orodha ya nyumba za kulala wageni zilizokubali kutenga vyumba hivyo, na kuipeleka katika hospitali za mikoa ili mgonjwa aipate pamoja na barua ya rufaa. Na asubuhi ile, mashine inapoonesha 184 kwa 112, muuguzi amkalishe mama kwenye kiti chenye egemeo, amwache apumzike, amuulize alilala wapi na kama kidonge cha jana alikimeza, kisha apime tena kabla ya kwenda kumwita daktari.